Viatu vya mbio za milimani na porini: raha ya mguu, mshiko na kudumu. Walete uzoefu waliovivaa mpaka vikachakaa

Nyayo Mbili (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nilikimbia kwenye lami miaka sita kabla sijaingia porini. Huu ni mwaka wa tatu niko kwenye njia za udongo, mawe na mizizi, na ndani ya miaka hiyo mitatu nimemaliza jozi tano. Nafungua uzi huu kwa sababu maelezo mengi ninayoyasoma kuhusu viatu hivi yameandikwa na mtu aliyekivaa kiatu wiki moja. Wiki moja kila kiatu ni kizuri. Nataka kuwasikia wale waliokivaa mpaka kikawaonyesha tabia yake.

Naanza mwenyewe. Jozi ya kwanza niliichagua kwa macho. Niligeuza soli, nikaona meno marefu, karibu milimita 6, nikasema hiki hakiniangushi. Na kweli, kwenye udongo laini wa baada ya mvua kilishika vizuri mno, nilikuwa napanda vilima huku wenzangu wanateleza. Wiki ya tatu nikashuka bondeni, mahali penye mwamba mpana uliolowa. Hatua ya kwanza tu juu ya ule mwamba, mguu ukaondoka wote. Nikaangukia nyonga na kiwiko. Wiki mbili sikukimbia, na usiku nilikuwa nalalia upande mmoja.

Jina la kampuni naliacha, kwa sababu nilikuja kuelewa kwamba kiatu nilikipeleka mahali pasipo pake. Meno marefu hufanya kazi kwa kuzama. Yakikuta kitu kisichozamika, kinachogusa mwamba ni zile ncha za meno peke yake, eneo dogo sana, na kama mpira wenyewe ni mgumu basi hakuna kinachokushikilia pale.

Maswali yangu kwenu: mpira gani umewashika kwenye mwamba uliolowa, na uliisha baada ya kilomita ngapi? Kwenye viatu vyenu huwa kinatangulia kufa nini? Na wenye miguu mipana mnafanyaje?

Mteremko Mkali

Mkuu pole kwa kuanguka. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha bidhaa za mpira. Hakikuwa cha viatu, ila tabia ya mpira naijua, kwa hiyo nichangie hapo.

Ugumu wa mpira wa soli hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Shore A. Namba ikishuka mpira ni laini, ikipanda ni mgumu. Mpira laini ukikanyagwa juu ya jiwe unajibonyeza na kuingia kwenye vijishimo vidogo vya jiwe lile, hata vile usivyoviona kwa macho. Mshiko unatoka humo. Mpira mgumu unabaki juu juu. Sasa ulaini huohuo ndio mawe yanaoula. Kwa hiyo mtu akikuambia soli yake inashika kupita zote na pia haiishi, muulize ameikimbilia wapi.

Watu wamehangaika na jambo hili tangu zamani. Mwaka 1935 Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake sita mlimani, na viatu vya wakati ule vilikuwa sehemu ya chanzo: vile vizito vya soli ya ngozi na misumari havikufaa kwenye mwamba, na vile vyepesi vya kupandia mwamba havikuhimili baridi na theluji. Mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno, akaiita Carrarmato, yaani kifaru cha vita, kwa sababu meno yake yanafanana na minyororo ya kifaru. Jina Vibram limekatwa kutoka kwenye jina lake. Leo mkigeuza viatu vya kampuni nyingi tofauti mtakuta alama ileile ya manjano, na kwenye vingi vya mbio mpira unaitwa Megagrip. Huo nimeuvaa kwenye jozi mbili za kampuni mbili tofauti, na ndio mpira ulionirudishia imani kwenye mwamba uliolowa. Jozi ya kwanza meno ya chini ya kidole gumba yalikuwa yamelingana na soli nilipofika kama kilomita 650. Ya pili bado inatembea.

Ila tusidanganyane: mwamba wenye ule ukoko wa kijani hauna mpira wake. Vilevile ubao uliolowa. Daraja la mbao baada ya mvua mimi huwa natembea, hata kama ni siku ya mashindano.

Kuna jaribio dogo nalifanya kabla ya kununua. Bonyeza jino la soli kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu. Ukiona alama inabaki kidogo kisha inarudi taratibu, mpira ni laini. Ukucha ukiteleza bila kuacha kitu, hicho ni cha changarawe na njia kavu. Si kipimo cha maabara lakini hakijanidanganya sana.

Jiwe Kali

Naongezea kwa Mteremko Mkali: baridi nayo. Mpira huwa mgumu ukipoa. Kiatu kinachonishika saa sita mchana, alfajiri ya baridi kali nakiona kingine kabisa. Dakika 20 za mwanzo naenda polepole.

Dada Vilima

Naomba nilete suala la raha ya mguu, maana soli iwe nzuri namna gani, mguu ukiwaka moto ndani utakaa chini tu.

Nilipoteza kucha tatu kwa mteremko mmoja wa kilomita 11. Zilianza kuwa nyeusi jioni ileile, na baada ya wiki kadhaa zikang'oka. Nikaamua viatu ni vidogo, nikanunua saizi kubwa zaidi. Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo, na sasa nikawa na malengelenge ya kisigino juu yake. Nilikuwa karibu kuacha miteremko kabisa.

Aliyenisaidia ni mama mmoja mzee kwenye kundi letu aliyekimbia milima tangu ujana wake. Aliniangalia nikishuka, akaniambia nisimame, akaingiza kidole chake nyuma ya kisigino changu. Kiliingia chote. "Mguu wako unatembea ndani ya kiatu," akasema. Vidole vilikuwa vinagonga mbele kwa sababu kisigino hakikushikwa nyuma. Urefu haukuwa na kosa.

Akanifundisha kufunga kamba. Wengi wetu viatu vyetu vina tundu la mwisho kabisa, karibu na kifundo, ambalo hatulitumii. Pitisha kila kamba kwenye tundu hilo la upande wake, iingie kwa ndani, ubakize kitanzi kidogo. Halafu vusha kila kamba ukaipitishe kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, kisha funga kawaida. Kisigino kinakaa. Kabla ya kufunga, gonga kisigino chini mara mbili tatu ili mguu urudi nyuma wenyewe. Mimi hufunga upya kabla ya kila mteremko mrefu, hata kama wenzangu wananiacha, na tangu hapo sijapoteza ukucha kwa sababu hiyo.

Kuhusu kununua, haya ndiyo ninayoyashika. Nenda jioni au baada ya kukimbia, mguu ukiwa umevimba, kwa sababu porini baada ya saa tatu za kukimbia ndivyo utakavyokuwa. Vaa soksi zilezile za kukimbilia. Pima miguu yote miwili, mmoja huwa mkubwa, na kiatu kinunuliwe kwa ajili ya huo. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na kidole kirefu si lazima kiwe kidole gumba cha mguu! Mimi cha pili kinazidi. Halafu tafuta ngazi au mteremko wowote, ushuke nacho ukiwa umeinama mbele kidogo. Vidole vikigusa pale, vitagusa mara elfu kumi mlimani.

Na kucha zikatwe siku mbili kabla ya mbio ndefu. Usizikate asubuhi yake.

Mguu Mpana

Dada umeniandikia mimi hapo kwenye saizi kubwa. Miaka yote nilinunua viatu virefu nikitafuta upana. Urefu hauleti upana, unaleta kujikwaa. Kila mzizi nilikuwa naupiga kwa pua ya kiatu.

Nilipopata kiatu chenye pua pana, chenye umbo la mguu halisi, vidole vilipumua. Kilichonifurahisha zaidi ni mshiko: vidole vikiweza kutanuka, kwenye mteremko unajihisi umesimama. Lakini jozi hiyo ilikuwa na dropu sifuri, yaani kisigino na vidole viko kimo kimoja, na mimi nilikuwa natoka kwenye kiatu chenye tofauti ya milimita 10. Nikaenda nayo kilomita 18 siku ya pili yake. Mashavu ya miguu yalikaza, nikaendelea. Baada ya wiki mbili kano ya Achilles (ile ya nyuma ya kisigino) ya kushoto ikaanza kuuma kila asubuhi nikitoka kitandani. Miezi miwili na nusu imepotea hapo.

Kosa lilikuwa haraka yangu. Kisigino kikishushwa, kano na mashavu ya miguu vinavutwa zaidi kwa kila hatua, na hesabu hatua za kilomita 18. Aliyenitibu alinirudisha kwa kukivaa nyumbani kwanza, kisha kilomita mbili mara mbili kwa wiki, nikiongeza kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Sasa navaa dropu sifuri kwenye mbio fupi, na milimita 4 kwenye ndefu.

Njia ya Mbuzi

Wenye miguu mipana wanaoogopa dropu sifuri, siyo lazima vitu hivyo viwili viende pamoja. Altra ndio waliolifanya umbo la pua pana na dropu sifuri lijulikane, lakini Topo Athletic wana nafasi ya vidole pia na viatu vyao vingi vya porini vina dropu ya milimita 3 hadi 5. Kampuni nyingine zinatoa modeli ileile kwa upana wa aina mbili, ulizeni kabla ya kukata tamaa. Mimi nipo kwenye Topo mwaka wa pili na miguu inanishukuru.

Matope Mengi

Nyayo Mbili asije akawafanya watu wakatupa meno marefu. Ninakokimbia mimi, nusu ya mwaka ni tope, na kwenye tope hakuna mbadala wake.

Muangalie mambo mawili, watu wengi huangalia moja tu. La kwanza ni kina: milimita 3 ni kwa njia ngumu na kavu, 4 hadi 5 ni kwa mchanganyiko, 6 mpaka 8 ni tope na nyasi zilizolowa. La pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko hilo, ni nafasi kati ya jino na jino. Meno yaliyobanana hushika tope na halitoki. Baada ya mita 200 huna meno tena, una sahani ya udongo chini ya mguu, na kila mguu umeongezeka uzito. Meno yaliyoachana yanalirusha tope kila unapoinua mguu. Ukikimbia nyuma ya mtu mwenye viatu hivyo utalipata usoni.

Angalia na mwelekeo. Kwenye soli iliyofikiriwa, meno ya mbele yanaelekezwa yasukume unapopanda, na ya kisigino yamegeuzwa yakamate breki unaposhuka. Ukiwa na mazoea ya kushuka kwa kisigino, hayo ya nyuma ndiyo maisha yako.

Kuna kiatu naweza kukitaja kwa mema: Salomon Speedcross. Kipo sokoni tangu 2006 kwa matoleo tofauti, na kwenye udongo laini kimenibeba kwa uaminifu. Kamba zake ni nyembamba, zinavutwa mara moja na kufungwa kwa kibano, kwa hiyo tope halizifungui. Kwenye lami sikiingizi hata hatua moja zaidi ya lazima, meno yale yataliwa bure.

Mgeni Porini

Samahani wakuu, mimi ndiyo naanza. Nimeona viatu vyenye maandishi ya kuzuia maji. Maji ndiyo yananisumbua, miguu inalowa kila asubuhi kwenye nyasi. Nichukue?

Dada Vilima

Mdogo wangu, inategemea maji yanakuingilia wapi. Utando kama wa Gore-Tex unazuia maji ya nje yasipenye kitambaani na unaruhusu mvuke wa jasho utoke kiasi. Kwa umande wa nyasi na theluji nyepesi unafaa. Lakini kiatu kina tundu kubwa juu, pale mguu unapoingilia. Ukivuka kijito, au mvua ikakushukia kwenye miguu mpaka kwenye soksi, maji yanajaa humo na utando uleule unayazuia yasitoke. Nimewahi kutembea na miguu iliyolowa kwa muda wa saa nne kwa sababu hiyo, ngozi ya nyayo ikawa nyeupe na yenye mikunjo, kisha ikachanika.

Kiatu cha kawaida chenye kitambaa cha matundu kinalowa mara moja na kinakamuka chenyewe ndani ya dakika chache ukiendelea kukimbia. Kwa njia zenye vijito, chukua hicho, na soksi za sufu nyembamba au za nailoni. Za pamba acha kabisa.

Jiwe Kali

Naomba tuzungumzie povu la katikati, lile lililo kati ya mguu na soli, maana limenigawa na wenzangu.

Mimi napenda kiatu chembamba. Nikiihisi njia, mguu unajua wapi uko na unajirekebisha kabla kifundo hakijapinda. Vile virefu vya povu nene nimepindisha navyo kifundo mara mbili, kwa sababu umesimama juu, na jiwe dogo likiwa upande mmoja, kimo hicho kinakuwa nyenzo ya kukupindua.

Njia ya Mbuzi

Jiwe Kali, unakimbia umbali gani? Nauliza kwa heshima. Mpaka kilomita 25 nakubaliana nawe kwa kila neno. Baada ya saa sita za kukimbia mimi nyayo zinaungua, na hapo povu nene linakuwa tofauti ya kumaliza na kuacha. Waanzilishi wa Hoka, kampuni ya viatu vya povu nene, Nicolas Mermoud na Jean-Luc Diard, walianza mwaka 2009 wakitafuta kiatu cha kushukia milima kwa kasi, na watu wa mbio ndefu ndio waliokipokea mapema. Mbio kama UTMB ya kuzunguka mlima Mont Blanc ina zaidi ya kilomita 170 na mita kama 10,000 za kupanda, na zote hizo unazishuka tena. Misuli ya mapaja na nyayo inapigwa kwenye kushuka.

Ila ulilosema la kifundo ni kweli. Ndiyo maana usiangalie unene tu, angalia na upana wa soli chini. Kiatu kinene chenye kitako kipana kinasimama. Kinene na chembamba chini, hicho kiogope.

Jiwe Kali

Sijawahi kupita kilomita 32. Nimekuelewa. Hapo kwenye upana wa kitako sikuwahi kuangalia, vile viwili vilivyonipinda vilikuwa vyembamba chini kweli.

Kwa wanaopenda vyembamba kama mimi: tafuteni chenye bamba. Ni karatasi ngumu ya plastiki iliyowekwa kati ya povu na soli, jiwe lenye ncha halipenyi mpaka nyayoni. Bila bamba, kiatu chembamba kwenye mawe makali ni mateso.

Gundi na Sindano

Nimechelewa kuuona uzi huu na ndio uzi niliousubiri. Mimi ni mtu wa kudumu. Nina daftari, kila jozi ina ukurasa wake: tarehe ya kuanza, kilomita za kila wiki, na kilichokufa kwanza. Hadi leo nina kurasa tisa zilizofungwa.

Mleta uzi aliuliza kinatangulia nini. Kwangu, jozi nne kati ya tisa zilikufa kitambaa, mahali pamoja: pembeni, pale kiatu kinapojikunja karibu na kidole kidogo. Soli ilikuwa bado nzima! Mbili zilikufa gundi, pua ikafunguka kama mdomo. Mbili meno yaliisha kabisa. Moja tu povu lilikufa kabla ya vingine. Ya chini ilifika kilomita 420, ya juu 1,100. Watu husema 500 hadi 800, na jozi zangu nyingi ziliangukia humo, lakini uzito wako, njia zako na unavyokanyaga vinabadilisha hesabu hiyo yote.

Kwa hiyo nilianza kuvitibu kabla havijaumwa. Kiatu kikiwa kipya, au kikiwa na kilomita zisizozidi 50, napaka gundi ya viatu inayobaki laini ikikauka juu ya ile mikunjo ya pembeni, tabaka jembamba, naiacha siku nzima. Iwe ile inayojikunja. Gundi inayokauka ikawa ngumu kama kioo inapasuka na kukata kitambaa zaidi. Tangu nianze hivyo, kitambaa hakijatangulia tena. Kikishachanika, nashona kwa uzi wa kusafishia meno, ambao hauozi na hauchaniki kirahisi, kisha napaka gundi juu ya mshono.

Gundi ya pua inauawa na joto kuliko kukimbia. Mtu anarudi na viatu vimelowa, anaviweka karibu na moto au juani kwenye dashibodi ya gari. Joto linalainisha gundi, povu nalo linasinyaa. Vyangu natoa soli ya ndani, nalegeza kamba mpaka chini, najaza magazeti, naviweka kivulini penye upepo. Magazeti nabadilisha baada ya saa mbili, na mara ya pili kabla ya kulala. Asubuhi vimekauka.

Kingine kinachokula kwa siri ni mchanga wa ndani. Chembe zinakaa chini ya soli ya ndani na kwenye kitambaa cha kisigino, kila hatua zinasugua kama msasa. Suuza kwa maji ya kawaida na brashi laini. Mashine ya kufulia usiiguse, maji yake ya moto na kule kuzungushwa vinafungua viungo.

Kujua povu limekufa: weka kiatu mezani, kiangalie kwa nyuma usawa wa macho. Kikiegemea upande mmoja, basi. Angalia mistari ya mikunjo pembeni ya povu, ikiwa mingi na haitoki ukivuta, basi. Na mwili unasema. Goti likianza kuuma bila sababu na hujaongeza kilomita, vaa jozi nyingine wiki moja uone.

Mteremko Mkali

Gundi na Sindano, daftari hilo ni hazina. Swali: unabadilisha jozi mbili au unavaa moja mpaka inaisha?

Gundi na Sindano

Mbili kwa zamu tangu jozi ya tano. Povu linapata muda wa kujirudisha na kiatu kinakauka mpaka ndani. Pia zamu yenyewe inanisaidia kugundua, maana kiatu kinachochoka kidogo kidogo hukioni, unakizoea. Ukitoka kwenye chenye afya kwenda kwenye kilichochoka, siku hiyohiyo unajua.

Na lami! Nilisahau. Kama kutoka nyumbani hadi porini ni kilomita tatu za lami, kwenda na kurudi ni sita kila siku. Mpira laini unaisha huko huko kabla hujafika. Mimi hutembea pembeni kwenye udongo.

Nyayo Mbili

Wakuu nimerudi. Nimeusoma uzi wote mara mbili, na nimefanya kazi ya nyumbani.

Kwanza kamba za Dada Vilima. Nilikuwa na mteremko mmoja wa kilomita 4 ambao kila mara unaniachia kidole gumba kinauma. Nimeushuka mara tatu kwa kufunga vile. Mara ya kwanza nilikaza mno, juu ya mguu pakafa ganzi, ikabidi nisimame nilegeze kamba za katikati na kuacha za juu zimekaza. Mara mbili zilizofuata hakikuuma. Dada asante sana, mfikishie na mama yule.

Pili, nilirudi kwenye mwamba ulioniangusha. Nilivaa kiatu cha zamani cha meno marefu mguu wa kushoto, na cha mpya mguu wa kulia: meno ya milimita 4, mapana, mpira ambao ukucha unaacha alama. Ulikuwa umelowa kwa mvua ya usiku. Nikashika mti uliopo pembeni, nikaweka kushoto, nikaongeza uzito taratibu. Ukateleza kabla sijafika nusu ya uzito wangu. Nikaweka kulia. Ukasimama. Nikaachia mti, nikasimama kwa mguu mmoja pale pale nilipoangukia, nikainama kuangalia. Kisha nikasogea hatua mbili kwenye sehemu ya kijani, na kulia nako kukaondoka, kama Mteremko Mkali alivyosema. Bahati nilikuwa bado nafikia tawi.

Cha zamani sikitupi. Ninakiweka kwa ajili ya tope, na nimeshakipaka gundi pembeni.

Nimenunua daftari pia. Jozi mpya ina kilomita 212, jino moja la nje kisigino cha kulia limeanza kuchongeka kwa pembeni, la kushoto halijaguswa. Gundi na Sindano, hiyo ni dalili kwamba nakanyaga vibaya upande huo au njia zangu zimeinamia upande mmoja?

Gundi na Sindano

Njia ndiyo ya kuanza nayo. Kama mzunguko wako wa kila siku unauzunguka mlima upande uleule, mguu wa nje unaliwa. Ukimbie kinyume kwa kilomita 100 zijazo, kisha piga picha visigino vyote viwili uturushie hapa.

Nyayo Mbili

Kweli kabisa, huwa nauzunguka mlima ukiwa mkono wangu wa kushoto siku zote. Kesho naanza kinyume.